Ngome Iliyolinda Kondoo: Hotuba Kuhusu Rocca Calascio

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wetu wa watu wa Afrika Mashariki na Kongo tunaoishi Italia ya kati. Waliokosa kufika waliomba iandikwe, nami nimeiandika nzima kama nilivyoisema. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada zangu, na ninyi wanetu mliozaliwa huku: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, habari za mchana. Ahsanteni kwa kunikaribisha. Wengi mnanijua kwa kazi yangu ya uashi. Leo nimeombwa nizungumzie ngome ya Rocca Calascio, na nimefurahi kuombwa, kwa sababu ni jengo ninalolipenda kuliko yote niliyoyaona katika nchi hii.

Nianze na swali. Mtu akikuonyesha picha ya ngome juu ya mlima, na kijiji kizuri cha mawe kimejikunyata chini yake, unawaza nini? Unawaza mfalme. Unawaza malkia dirishani, karamu, farasi, tarumbeta. Watoto wetu wamefundishwa hivyo na katuni, na sisi wakubwa tumekubali.

Rocca Calascio haikuwahi kukaliwa na mfalme. Haina ukumbi wa karamu, wala chumba cha malkia. Ilijengwa kwa ajili ya walinzi na askari tu. Ukipanda leo utakuta mnara wa mraba katikati, huo ndio wa kale zaidi, una umri wa karibu miaka elfu moja. Baadaye ulizungushiwa ukuta wa mawe meupe, na katika kila pembe ya ukuta ukawekwa mnara wa duara, minne kwa jumla. Tazameni sehemu ya chini ya ile minara mtakapofika: imepanuka, imeinama kwa mteremko kuelekea nje, mzigo wote umekaa kwenye mwamba. Mlango uliwekwa juu, mita kama tano kutoka ardhini, na walioingia walipanda kwa ngazi ya mbao iliyoweza kuvutwa ndani. Ikishavutwa, umebaki nje.

Iko katika mkoa wa Abruzzo, mashariki ya Roma, upande wa mji wa L'Aquila, kwenye urefu wa takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Ni kati ya ngome za juu kabisa katika milima ya Apennini. Ukisimama pale, kaskazini unaona Gran Sasso na kilele chake cha Corno Grande, mita 2,912. Ukigeuka unaona milima ya Maiella. Chini yako kuna bonde la Tirino na uwanda wa Navelli. Hakuna mtu anayeweza kupita bondeni na kundi la mifugo, au na kikosi cha askari, bila mlinzi wa juu kumwona. Mlinzi akiona jambo, usiku aliwasha mwenge, mchana aligeuza kioo juani. Ngome ya pili ilipokea, ikapeleka kwa ya tatu, na habari ikashuka hivyo, mlima hadi mlima, mpaka pwani ya bahari ya Adriatiki.

Ndugu zangu wa Mombasa najua mnachokifikiria. Mnaifikiria Fort Jesus, na mna haki, kwa sababu aliyeichora Fort Jesus mwaka 1593 alikuwa Mwitalia, Giovanni Battista Cairati wa Milano, akiwafanyia kazi Wareno. Lakini ngome hizi mbili maisha yao ni tofauti kabisa. Fort Jesus imekula mizinga. Kuanzia 1696 hadi 1698 ilizingirwa na watu wa Oman, watu wakafa kwa njaa na maradhi ndani ya kuta zake. Rocca Calascio haikupigana hata vita moja ya kukumbukwa. Mamia ya miaka, hakuna aliyekuja kuivunja.

Sasa, kama haikupigana, ilikuwa ikifanya nini miaka yote hiyo?

Ilikuwa ikitazama. Na kitu kikubwa ilichokitazama, kilichopita chini yake mwaka baada ya mwaka, kilichomlipa hata askari aliyekuwa juu ya mnara, ni kondoo.

Ndiyo, kondoo. Wamasai wakiwepo hapa wangenielewa kabla sijamaliza sentensi. Milima ya Abruzzo wakati wa baridi hufunikwa na theluji, hakuna jani. Basi kila Septemba, wachungaji waliondoka na makundi yao kushuka kusini, mpaka nyanda za Puglia karibu na Foggia, ambako majani hayafi wakati wa baridi. Mwezi Mei walirudi. Njia kubwa waliyoifuata inaitwa Tratturo Magno, inatoka L'Aquila hadi Foggia, kilomita 244. Upana wake ulikuwa mita 111. Hebu fikirieni barabara ya majani yenye upana wa mita 111! Kondoo walikula huku wakitembea, na mkulima aliyejaribu kulima ndani ya njia hiyo alishtakiwa.

Mwaka 1447 mfalme Alfonso wa Aragon, aliyekuwa akitawala Napoli, aliipangia biashara hii sheria. Akaweka ofisi ya ushuru wa kondoo, iliyokuja kuwa na makao Foggia. Kila kundi lilihesabiwa, mwenye kundi akalipa, kisha akagawiwa malisho yake ya baridi. Kwa kulipa, mchungaji alipata haki ya kupita, na alipata hata mahakama yake ya kuamua kesi za wafugaji. Katika miaka ya neema kondoo walihesabiwa kwa mamilioni. Hazina ya Napoli ilitegemea pesa hiyo kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2019 UNESCO iliuingiza utamaduni huu wa kuhamisha mifugo kwa misimu katika orodha ya urithi wa binadamu, na ni sawa, ila wazee wa milimani walishajua thamani yake bila kuambiwa.

Sasa sikilizeni sehemu inayonigusa. Mwaka 1579, vijiji hivi vya chini ya Rocca Calascio, pamoja na ngome yenyewe, viliuzwa. Aliyeuza ni familia ya Piccolomini, jamaa ya Papa Pio wa Pili. Aliyenunua ni Francesco de' Medici, mtawala wa Toscana, mtu wa familia ya mabenki ya Firenze, familia iliyowalipa wachoraji na wachongaji wakubwa wa dunia. Jiulizeni: mtu wa Firenze, mwenye majumba na bustani na sanamu, alitaka nini kwenye milima ya mawe ambako miezi mitano ni theluji?

Alitaka sufu. Kondoo wa huku walitoa sufu nyeusi, ngumu, isiyofaa kwa gauni la bibi arusi, lakini ikifaa sana kwa makoti ya askari na majoho ya watawa. Askari na watawa hawakuwa wachache Ulaya ya wakati ule! Medici walishikilia mahali hapa mpaka 1743, ukoo wao ulipokwisha. Ukienda kijiji jirani cha Santo Stefano di Sessanio, juu ya lango la kuingilia kijijini, nembo yao ya mawe ipo mpaka leo.

Nembo ya Medici inaonekana langoni. Majina ya wachungaji yako wapi? Nembo ya mama aliyebaki kijijini iko wapi? Mume ameondoka Septemba na kondoo, atarudi Mei. Katikati hapo kuna baridi kali, kuna watoto, kuna wazee, kuna kuni za kukata, kuna sufu ya kusokota. Watoto wangapi walizaliwa baba akiwa Puglia? Na nani alilima zile adesi ndogo za Santo Stefano, zinazoota juu ya mita elfu moja na kuiva bila kulowekwa, ambazo leo zinauzwa kwa bei ya juu Roma?

Halafu kuna zafarani. Mama zangu wa pwani mnaijua kwenye biriani, mnajua pia bei yake. Uwanda wa Navelli, ule ule unaoonekana kutoka ngomeni, hutoa zafarani iliyo kati ya bora kabisa Ulaya. Inasemekana ililetwa kutoka Hispania na mtawa mmoja wa shirika la Dominiko, mzaliwa wa Navelli, katika karne ya 13. Mwezi wa Oktoba, kabla jua halijafungua maua, watu wanainama shambani kuchuma ua moja moja. Kila ua lina nyuzi tatu nyekundu. Ili upate kilo moja ya zafarani kavu, unahitaji maua zaidi ya 150,000. Na Oktoba, kumbukeni, wachungaji wameshaondoka. Migongo iliyoinama shambani alfajiri, kwa sehemu kubwa, ilikuwa migongo ya wanawake.

Kwa hiyo nikiulizwa ngome ile ilikuwa ya nani, nitataja Piccolomini na Medici kwa sababu karatasi zinawataja. Lakini mimi ni mwashi, najua ukuta hauli karatasi. Mkate wa askari, kamba, kuni, maji yaliyopandishwa mlimani, mawe ya kuziba ufa baada ya baridi, vyote vilitoka chini, kwa watu wa kijiji. Ngome ilisimama kwa sababu kijiji kilifanya kazi. Kijiji kilipodhoofika, ngome ilianguka. Niwaeleze ilivyoanguka.

Tarehe 2 Februari 1703 lilipiga tetemeko kubwa la ardhi. L'Aquila ilibomoka. Huku juu, ngome ilivunjika na nyumba zilizokuwa chini yake zilivunjika pia. Watu wengi walishuka wakajenga upya Calascio, mahali pa chini zaidi. Nyumba chache tu za juu zilirudishwa, na wachache walioshikilia waliendelea kupungua kizazi hadi kizazi. Ngome haikupata wa kuijenga tena, kwa sababu haikuwa na kazi tena: wakati wa mienge na vioo ulikuwa umepita.

Kisha likaja pigo la pili, ambalo halikutikisa ukuta hata mmoja. Mwaka 1806, chini ya utawala wa Wafaransa huko Napoli, ofisi ya ushuru wa kondoo ilifutwa. Nyanda za Puglia zikaanza kulimwa ngano. Malisho yakapungua. Baadaye sufu ya bei nafuu ikaanza kumiminika kutoka Australia. Kijana wa Calascio akamtazama baba yake, akamtazama kondoo, akapanga mzigo wake.

Walikwenda wapi? Marekani, Argentina, Kanada, Australia, Ubelgiji. Ndugu zangu wa Kongo, naomba mnisikilize hapa. Tarehe 8 Agosti 1956, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Marcinelle, Ubelgiji, moto uliwaua watu 262. Waitalia walikuwa 136, na 60 kati yao walitoka Abruzzo. Walikwenda kwa mkataba kati ya serikali mbili: Italia inatoa wafanyakazi, Ubelgiji inauza makaa. Walilala kwenye mabanda yaliyokuwa ya mateka wa vita. Watu wa milima hii wamekuwa wahamiaji kabla yetu sisi. Ukimkuta mzee wa Abruzzo anakutazama kwa jicho gumu kituoni, mketie karibu, muulize ndugu zake walihamia nchi gani. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi, na mazungumzo hayakosi kubadilika.

Kufikia katikati ya karne iliyopita, kijiji cha juu cha Rocca kilibaki kitupu kabisa. Miaka ya 1980 watu wa sinema walikuja kupiga picha pale, na walichokipenda ni ule utupu. Hakukuwa na waya wa umeme wa kuficha wala nguo zilizoanikwa. Ngome ikajulikana duniani kwa sababu hakuna aliyekuwa akiishi chini yake. Baada ya hapo ndipo ilipofanyiwa matengenezo, na watu wachache wenye moyo wakaanza kufufua nyumba kadhaa ili wasafiri wapate pa kulala.

Kabla sijaendelea, acheni niseme la ufundi, maana nisiposema nitaumwa.

Tarehe 6 Aprili 2009, saa tisa na dakika 32 usiku, tetemeko lilipiga tena L'Aquila. Watu 309 walikufa. Mungu awarehemu wote. Rocca Calascio ilibaki imesimama. Lakini pale Santo Stefano, kijiji cha jirani, kulikuwa na mnara wa duara wa mawe, alama ya kijiji, umekaa karne na karne. Mnara ule uliporomoka wote. Ikabaki rundo la mawe.

Kwa nini? Yako mengi ya kusema juu ya tetemeko, lakini wataalamu wengi walinyoosha kidole kwenye jambo moja. Katika matengenezo ya zamani, juu ya mnara palikuwa pamewekwa sakafu ya zege la nondo mahali pa mbao. Aliyefanya hivyo bila shaka alidhani anauimarisha. Ukuta wa kale wa mawe na chokaa ni wa namna yake. Chokaa inapumua, inalegea kidogo, inaruhusu jiwe lisogee unywele mmoja na kurudi. Zege halirudi. Ni zito, ni gumu, na ukiliweka kichwani pa ukuta mkongwe, siku ardhi inapotikisika uzito ule unakuwa nyundo. Mnara uliovumilia mamia ya miaka ukashindwa na msaada.

Mnara umejengwa upya, na nimefurahi. Lakini nawaomba vijana mnaojifunza ujenzi, na hasa mnaotarajia kurudi kufanya kazi Lamu, Mombasa au Mji Mkongwe wa Unguja: nyumba zetu za mawe ya matumbawe na chokaa zinauguzwa vibaya kwa saruji kila siku. Saruji inafunga chumvi na unyevu ndani ya ukuta, lipu inabanduka, jiwe linaliwa. Jifunzeni chokaa. Jifunzeni kuichoma, kuizima, kuisubiri. Kuna watu Abruzzo wanaoifundisha, na hawana ubaguzi na mwenye mikono inayotaka kazi.

Sasa nije kwenye pesa, kwa sababu najua wengi mmekuja kwa ajili ya hilo.

Leo vijiji hivi vinatafuta watu. Miaka ile ya karne ya 19 Calascio ilikuwa na watu zaidi ya elfu. Sasa wamebaki kama 130. Santo Stefano ni kama hivyo hivyo. Na kila aliyejaribu kuvifufua amejaribu kwa njia yake.

Wa kwanza ninayetaka kumtaja ni Daniele Kihlgren, mtu mwenye asili ya Uswidi na Italia. Mwaka 1999 alikuwa akizurura na pikipiki, akafika Santo Stefano, akaona kijiji kisicho na hata jengo moja la zege lililoharibu sura yake. Akanunua nyumba zilizoachwa, akaanzisha hoteli ambayo vyumba vyake vimetawanyika kijijini: mapokezi hapa, chumba kule, jikoni mtaa wa pili. Wazo la hoteli ya namna hiyo halikuwa lake. Lilizaliwa Friuli, kaskazini mashariki ya Italia, baada ya tetemeko la 1976, nyumba zilipokarabatiwa zikabaki bila watu. Lakini yeye alilifanya kwa ukali wa pekee. Kuta zilizoungua moshi wa jiko aliziacha na weusi wake. Mablanketi yamefumwa kwa sufu kwa mikono. Mtu analala katika chumba cha mchungaji, na anakiona kama kilivyokuwa.

Na jambo ambalo wengi wenu hamjalisikia: mtu huyo huyo alikwenda Rwanda, kwenye kisiwa cha Nkombo katika Ziwa Kivu, akajenga na mafundi wa kisiwani vibanda vya wageni kwa udongo, mianzi na nyasi, kwa ufundi wa wenyeji. Faida inakusudiwa kulipia bima ya afya ya watu wa kisiwa. Ndugu wa Rwanda na wa Bukavu mlioko hapa, mnakijua kisiwa hicho kuliko mimi. Nendeni mkatazame, mtuambie kama watu wananufaika.

Mimi namheshimu Kihlgren, na bado nina neno. Hoteli inaleta mgeni wa usiku mbili. Kijiji kinahitaji mtu wa Februari. Mtu wa kufagia theluji mlangoni pa bibi wa jirani, wa kupeleka mtoto shule ili shule isifungwe. Halmashauri ya Santo Stefano ililiona hilo. Mwaka 2020 ilitangaza kwamba mtu asiyezidi miaka 40, akihamia na kukaa angalau miaka mitano na kuanzisha kazi, angepewa hadi euro 8,000 kwa mwaka kwa miaka mitatu, na hadi euro 20,000 za kuanzishia biashara, pamoja na nyumba kwa kodi ya jina tu. Watu walioomba walikuwa wengi kuliko wakazi mara kadhaa. Na sharti lilikuwa uwe raia wa Italia au wa Umoja wa Ulaya, au uwe na kibali cha kuishi cha kudumu. Mmesikia? Kibali cha kudumu. Wapo humu ndani wenye kibali hicho.

Calascio nayo, mwaka 2022, ilichaguliwa kuwa kijiji cha Abruzzo cha kupewa euro milioni 20 katika mpango wa taifa wa kufufua vijiji. Vijiji 21 nchi nzima, kila kimoja milioni 20. Palitokea mabishano makubwa: kwa nini milioni 20 kwa watu 130, na vijiji vya jirani vipate vumbi? Mimi naona swali hilo ni la haki. Ningependa kuona pesa hiyo ikiingia kwenye nyumba zinazokaliwa mwaka mzima, kwenye ufugaji, kwenye shule ya ufundi, kuliko kwenye kupokea mabasi ya Agosti.

Halafu kuna matangazo mnayonitumia kwenye simu. Kasri linauzwa, mandhari ya kijiji cha kupendeza, bei ya nyumba ya Milano. Nyumba kwa euro moja. Mnaniuliza, fundi, tununue?

Nitajibu kama fundi. Jengo la kihistoria nchini hapa lina sheria yake, ya mwaka 2004. Likishatambuliwa rasmi kuwa urithi, huwezi kubadilisha hata dirisha bila idhini ya ofisi ya uhifadhi. Na likiuzwa, serikali ina siku 60 za kuamua kulinunua yenyewe kwa bei ile ile, kwa hiyo usihamishe fanicha kabla ya siku hizo. Mimi sipingi sheria hiyo hata kidogo, ndiyo iliyozuia mengi kuharibiwa. Ila mnunuzi aijue. Na nyumba ya euro moja, mara nyingi unaahidi kuikarabati ndani ya miaka mitatu hivi, na unaweka dhamana ya maelfu kadhaa ya euro. Paa peke yake linaweza kumeza akiba ya miaka kumi. Euro moja ndiyo bei ndogo kuliko zote utakazolipa.

Lakini gharama sizo zinazonisumbua zaidi. Kinachonisumbua ni kwamba watu wanauliza bei ya kuta, hawaulizi kazi. Kondoo ndio waliojenga mahali hapa. Je, leo nani anawachunga? Nendeni mkaone. Kwa miaka mingi sasa wachungaji wengi wa milima ya Abruzzo ni watu wa Makedonia na Romania. Wanalala kwenye vibanda juu mlimani majira ya joto, pamoja na wale mbwa weupe wakubwa wanaovishwa kola za chuma zenye miiba kwa ajili ya mbwa mwitu. Jibini la kondoo linalosifiwa mezani Roma, mikono yao ipo ndani. Na wazee waliobaki kwenye nyumba zile za mawe, ni nani anayewaogesha, anayewapikia, anayewapeleka hospitali? Dada zetu wengi hapa wanajibu swali hilo kwa kazi yao ya kila siku. Hakuna anayewapiga picha wala kuwaandika kwenye kijitabu cha watalii. Mimi nasema hao ndio wanaoshikilia vijiji hivi, kama mama wa Septemba hadi Mei alivyovishikilia wakati wa Medici.

Kwa hiyo aliye kijana, mwenye kibali, mwenye moyo wa kwenda, mimi simkatazi. Naomba aende kwanza Februari, asiende Julai. Akae juma zima. Aulize basi linapita mara ngapi. Aulize daktari anakuja siku gani, na shule ya karibu ina watoto wangapi. Aulize katika ofisi ya kijiji kama tangazo bado liko wazi, na asome masharti mpaka ukurasa wa mwisho pamoja na mtu anayejua Kiitaliano cha sheria. Aulize wenyeji wanakosa nini: fundi wa mabomba, mwokaji mkate, msusi, mtu wa kukamua. Na kama ana ufundi wa chokaa, au yuko tayari kujifunza, aje anione baada ya hapa. Majira haya ya kuchipua kuna kuta zinahitaji watu, na wenye kazi wanauliza kila siku.

Ahsanteni sana. Sasa nipo kwa maswali, na nitaanza na kina mama wa nyuma kule.